Stima ipo kwa laini ya jirani, mbona sisi tukae gizani?

Stima ikipotea mtaani kwenu, fanya kitu kimoja kabla hujaanza kutusi watu mtandaoni. Toka nje, angalia juu ya nguzo.

Kama unaishi pembezoni mwa jiji, au kwa zile tauni zilizoota kando ya barabara kuu, kuna uwezekano mkubwa utaona laini mbili zikipita njia moja. Moja ina vikombe vidogo. Nyingine ina vikombe vikubwa zaidi, au vimepangwa vingi kama shanga. Ile ndogo mara nyingi ni ya volti 11,000. Kubwa ni ya 33,000. Yenu imekufa. Ile nyingine iko hai, inapeleka stima mahali pengine, inapita juu ya mabati yenu kama basi la masafa marefu. Mnaliona, mnalisikia likinguruma, lakini halisimami stejini kwenu.

Swali langu leo ni hilo tu. Mbona lisisimame?

Mimi si injinia. Chuo niliacha karo ilipokata, lakini kusoma sikuacha, na hii stori ya laini mbili nimeisoma hadi nikaielewa. Na nimekuja kuona kuwa jambo hili linawezekana, linafanywa na mafundi wa umeme duniani, na lina kanuni zake. Tatizo letu ni kwamba hatujui kuliuliza. Basi tujue.

Stima inakufikiaje?

Umeme unazalishwa Olkaria kwa mvuke wa ardhini, kwa mabwawa ya Mto Tana, kwa upepo wa Turkana, na tangu mwisho wa 2022 mwingine tunanunua Ethiopia. Husafirishwa kwa laini kubwa za kilovolti 132, 220 na 400. Ukikaribia mjini, unashushwa kwenye kituo kidogo cha umeme, ule uwanja wenye ua wa waya na kibao cha fuvu la kichwa. Hapo unagawanywa kwa laini za kusambaza. Kila laini inayotoka kituoni kwenda kulisha mitaa ndiyo mafundi wanaita fida.

Nairobi, vituo vingi hupokea kilovolti 66 na kutoa 11. Nje ya jiji, sana sana ni 33 na 11. Mwisho kabisa kuna transfoma ya mtaani, ile mnayoelekezea wageni, "shuka hapo kwa transfoma". Hiyo inashusha hadi volti 415 kwa fezi tatu, au 240 kwa soketi yako.

Sasa, fida nyingi zimejengwa kama mti. Shina moja, matawi kibao, na hakuna tawi linaloshikana na mti mwingine. Gari likigonga nguzo karibu na kituo, kila mtu aliye mbele ya nguzo hiyo analala giza, hata kama waya wake hauna kasoro yoyote. Anangoja nguzo ya watu wengine isimamishwe.

Katikati ya miji dawa yake ni ya zamani. Miisho ya fida mbili zenye volti sawa inakutanishwa na swichi. Siku za kawaida swichi hiyo haijaunganishwa. Fida moja ikiharibika, mafundi wanatenga kipande kibovu, wanaunganisha ile swichi, na waliobaki wanalishwa kutoka upande wa pili. Nguzo inarekebishwa watu wakiendelea na maisha.

Lakini ukitoka nje ya mji, fida yenu ya 11 inaishia porini. Hakuna 11 nyingine karibu. Kilicho karibu ni 33. Na huwezi kushika waya wa 33,000 ukaufunga kwa waya wa 11,000. Ukifanya hivyo hutapata stima, utapata moto.

Kinachohitajika hapo ni transfoma ya kukutanisha hizo mbili, yenye swichi na kinga kila upande. Fida ya 11 ikifa, transfoma inachukua umeme wa 33, inaushusha mara tatu, inawalisha. Na kwa kuwa transfoma haina mbele wala nyuma, ikipangwa vizuri inaweza pia kupandisha. Siku ambayo 33 ndiyo imekatika, fida ya 11 inaweza kuokoa kipande kidogo cha upande wa pili. Majirani wanaokopeshana chumvi, leo wewe, kesho mimi.

Giza la taifa na giza la mtaa

Kabla uniambie kuhusu zile siku nchi nzima ilizimika, wacha nitenganishe mambo mawili.

Kuna giza la taifa. Juni 7, 2016, tumbili alianguka kwenye transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikazimika kwa zaidi ya saa tatu. KenGen wenyewe walisema hivyo, na tumbili alitoka hai. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, nchi ikaingia giza tena, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Siku kama hizo, kukutanisha 33 na 11 hakusaidii chochote, kwa sababu zote mbili zimekufa. Kumwazima jirani ambaye pia hana si msaada.

Halafu kuna giza la mtaa. Mti umeanguka. Nguzo imeoza. Lori limekwaruza waya. Mvua imenyesha dakika 10 na fyuzi imeruka. Giza hili haliingii kwenye habari za saa moja, na hakuna waziri anayeliombea radhi. Lakini ndilo linalotutafuna wiki baada ya wiki, na kwalo jirani anaweza kutusaidia.

Hesabu ni nani anaumia. Kinyozi ameacha kichwa cha mteja nusu. Kisiagi kimenyamaza na foleni ya akina mama wenye mahindi haijaisha. Fundi wa kuchomelea mageti ameahidi kazi jioni. Kijana wa kazi za mtandaoni, kama wewe, ana saa tatu za kuwasilisha kazi ya mtu aliye Marekani, na yule mtu hataki kusikia stori ya nguzo. Ukichelewa mara mbili, nyota zako zinashuka na kazi zinaacha kuja. Hakuna mtu anakulipa fidia ya nyota.

Hapo bado sijagusa zahanati. Friji ya chanjo. Mashine ya kumsaidia mtoto kupumua. Mama anayejifungua mkunga akimulika kwa tochi ya simu. Wala sijagusa mulika mwizi, ile taa ndefu ikizimika kila mtu anajua kwa nini imeitwa hivyo.

Na angalia vizuri ni nani hahisi. Kule kwenye mageti na maua, stima ikipotea jenereta inanguruma, betri inashika kazi, mtu hata hajui. Umeme wa akiba tayari upo Kenya. Upo kwa mwenye pesa. Ninachotaka ni ule wa akiba ya mtaa mzima, uliojengwa kwenye laini yenyewe, ambao mama mboga anaupata sawasawa na mwenye duka la jumla.

Si kuunga tu waya

Hapa wasomaji wengine wataanza kusema, "basi waunge, ni nini ngumu?" Tulia. Ugumu upo, na lazima uujue ili usidanganywe na yule anayesema haiwezekani, wala na yule anayesema ni kazi ya asubuhi moja.

La kwanza ni mzigo. Tuseme fida yenu inabeba mzigo wa MVA 5. Kwa kilovolti 11, hiyo ni karibu ampea 262 kwa kila fezi. Upande wa 33 ni karibu ampea 87. Kwa hivyo laini ya 33 inahisi mzigo wenu kwa theluthi ya mkondo, na hiyo ni habari njema. Lakini kama tayari imejaa, au ni ndefu kilomita nyingi, mkiongezwa wote kwa mpigo volti zitashuka kila mahali, na sasa mitaa miwili inapata stima ya kuungua friji. Kwa hivyo akiba haiwezi kuwa ya kila kitu. Lazima kuwe na orodha: hospitali, pampu ya maji, soko, kisha nyumba kwa zamu.

La pili ni fezi, na hili ndilo tamu. Umeme wa fezi tatu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Transfoma nyingi, kwa vile koili zake zimefungwa, huutoa umeme ukiwa mbele au nyuma kidogo ya ulivyoingia. Mafundi huandika tofauti hiyo kwa uso wa saa. Transfoma yenye namba 11, ile sehemu ya saa ambayo sisi tunaita saa tano, umeme wake unaotoka umetangulia kwa digrii 30.

Sasa chukua laini mbili, zote za kilovolti 11, zote zina rangi sawa kwenye karatasi, lakini moja imepitia transfoma ya aina hiyo na nyingine haijapitia. Ukipima kati ya waya mwekundu wa huku na waya mwekundu wa kule, utapata zaidi ya volti 3,000. Majina sawa, wakati tofauti. Ukiziunganisha zote zikiwa hai, ni kishindo. Ndiyo maana transfoma ya kukutanisha huchaguliwa kwa kuhesabu tofauti zote za njiani. Na kama tofauti haiwezi kuondolewa, kanuni ni moja: achanisha upande wa zamani kwanza, ndipo uunganishe upande mpya. Watu watapotelewa na stima kwa muda mfupi. Hiyo tunaweza kuvumilia.

Mpangilio wa fezi pia lazima upimwe. Waya mbili zikibadilishana nafasi, taa za nyumbani zitawaka bila shida na utadhani mambo ni sawa. Lakini mota za fezi tatu zitazunguka kinyume. Pampu ya maji itazunguka bila kuvuta maji inavyofaa, na mwenye kisiagi ataona mashine yake ikirudi nyuma.

La tatu ndilo linaua. Kinga ya laini hupangwa ikitarajia umeme utoke upande fulani, kwa nguvu fulani. Ukiulisha mtaa kutoka mwisho wa laini, kupitia transfoma ndogo, waya ukianguka chini mkondo unaweza kuwa mdogo kuliko ule kinga ilizoea. Na kama transfoma hiyo upande unaolisha haijaunganishwa na ardhi inavyofaa, kinga inaweza isione kitu kabisa. Waya uko kwenye nyasi, uko hai, na watoto wanatoka shule. Kwa hivyo yeyote atakayejenga hii kitu bila kupanga upya kinga yake, heri asijenge.

La nne ni binadamu. Fundi akizima laini kituoni, amezoea kujua kuwa imekufa. Ukishaweka mlango wa pili wa kuingizia umeme, hawezi tena kuamini mlango mmoja. Kila swichi inayoweza kurudisha umeme lazima ifungwe kwa kufuli, iwekwe kibao, laini ipimwe, iunganishwe na ardhi pande zote mbili za anapofanya kazi. Hapo tu ndipo mtu apande nguzo.

Jenereta yako ni fida pia

Nikikwambia hivyo unadhani ni mambo ya wakubwa. Hapana. Kuna watu mtaani kwenu wanafanya toleo hatari la jambo hili kila stima ikipotea.

Unajua ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili? Mtu anawasha jenereta, anachomeka upande mmoja kwa jenereta, mwingine kwa soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Ujanja, si ndiyo? Lakini kama hakuna swichi ya kubadilisha inayotenga nyumba na laini ya Kenya Power, umeme huo haukai nyumbani. Unatoka kupitia mita, unafika kwa transfoma ya mtaa, na transfoma, kama nilivyosema, haina mbele wala nyuma. Umeme wa volti 240 ukiingia kwa upande wa chini, upande wa juu hutoka maelfu ya volti. Na huko juu kuna fundi, mtoto wa mtu, ambaye ameambiwa laini imezimwa.

Ukiwa na jenereta, au betri na sola, weka swichi ya kubadilisha, na iwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Hiyo si hiari. Na huyo jamaa wa plagi mbili, mwambie leo, usingoje tukamchangie mtu jeneza.

Pesa, na nani aulizwe

Najua jibu litakalokuja. Pesa hakuna. Transfoma ya kukutanisha inakaa bure siku nyingi za mwaka, na mhasibu haoni raha kununua kitu cha kukaa bure.

Lakini tanki la maji juu ya nyumba pia hukaa limejaa siku ambazo mfereji unatoka, na hakuna anayeliita hasara. Kuongeza transfoma moja na swichi zake mahali laini mbili tayari zinakaribiana si sawa na kujenga kituo kipya na kuvuta laini kilomita nyingi. Tena, kila saa mtaa uko gizani, Kenya Power haiuzi tokeni za saa hiyo. Hata wao wanapoteza.

Ukweli mwingine ni kwamba tangu 2015, chini ya mradi wa Last Mile, nguvu nyingi ziliwekwa kwa kuunganisha nyumba mpya. Ilikuwa sawa, na nyanya yangu ni mmoja wa waliofaidi. Lakini kila nyumba mpya kwa shina lile lile ni mtu mmoja zaidi anayezimika nguzo moja ikianguka. Tumehesabu mita vya kutosha. Tuanze kuhesabu njia za stima kufikia mita hizo.

Na tusiisukumie Kenya Power peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kupanga usambazaji wa umeme katika eneo lake. Gavana wako ana sehemu hapo, na mwakilishi wadi wako anapitisha bajeti. Wakija kwa mikutano ya umma kuuliza maoni, wengi wetu tunasema barabara, basari, mulika mwizi. Tuongeze swali: zahanati yetu inalishwa na fida ngapi?

Nina mapendekezo manne.

Kwanza, Kenya Power itangaze ramani rahisi, kaunti kwa kaunti, ya mahali fida za 33 na 11 zinakaribiana na hakuna njia ya kusaidiana. Hatuhitaji siri za usalama. Tunataka kujua tuko wapi kwenye foleni.

Pili, waanze na fida zinazolisha hospitali na pampu za maji. Msianze na mahali mkubwa anaishi.

Tatu, kila njia ya akiba ijaribiwe kwa ratiba. Usiku ule wa Agosti 2023, JKIA haikukosa jenereta. Ilikuwa na jenereta, na sehemu ya uwanja jenereta ikakataa kuwaka. Akiba isiyojaribiwa ni pambo.

Nne, kazi hii ifundishwe kwa vyuo vya ufundi. Kuna vijana wengi wenye vyeti vya umeme wanaouza kredo na viatu vya mtumba. Kupima fezi, kukagua kinga, kutunza swichi, hizo ni kazi za miaka mingi, na zinahitaji mikono iliyofundishwa vizuri.

Wewe je, ufanye nini? Kwanza, ripoti kila stima ikipotea, kwa 97771 au *977#, na uandike tarehe, saa ilipotea na saa ilirudi. Mtaa wenye daftari la miezi sita una hoja. Mtaa wenye hasira pekee una kelele.

Pili, andikeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, cha 46 kinakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na sheria ya 2016 ya kupata habari inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Uliza mambo matatu tu. Mtaa wetu uko kwa fida gani? Ikikatika, kuna njia nyingine ya kutulisha? Kama hakuna, laini iliyo karibu ni ya kilovolti ngapi na mpango ni upi?

Barua moja itawekwa kwenye droo. Barua mia moja, kila moja na daftari lake, zitahitaji meza. Andika yako wiki hii, kabla mvua haijaanza.